Suti Isiyo na Mgongo

Siku hizi za leo, wala si hapo kale, ipo nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila linapochafuka. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina bendera, na ina Mtukufu Rais wa Kudumu. Wananchi wake wote wana furaha, maana asiye na furaha huitwa kituoni akasaidiwe kuipata. Nimeishi huko na sina lalamiko lolote. Ninayoyasimulia nayasimulia kwa adabu, na atakayecheka, kicheko ni chake, mimi sikumfundisha.

Serikali ya nchi hiyo iliwahi kuunda tume ya kuchunguza kwa nini barabara zina mashimo, hospitali hazina dawa na shule hazina madawati. Tume ikakaa hotelini, ikala vizuri, ikagundua sababu: watumishi wa umma walikuwa wanavaa vibaya. Basi serikali, kwa hekima yake, ikaachana na mashimo na dawa, ikashughulikia chanzo. Ikaundwa Wizara ya Haiba ya Taifa, na kwenye kiti cha uwaziri akakalishwa Mheshimiwa Daktari Sudi Mwakitambi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alitunukiwa na chuo alichokuwa amekizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo. Alitembea na mkasi wa dhahabu kiunoni, kama majemadari wa zamani walivyotembea na upanga, na popote alipoona nguo isiyompendeza aliikata, ikiwa bado mwilini mwa mwenyewe.

Katika wizara hiyo aliajiriwa kijana mmoja, Zahoro Vuai. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanaidi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliyeishi kwa kushona foronya na mapazia. Habari ya ajira ilipofika, Bi Mwanaidi hakupiga hata kigelegele. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake, akatoa suti ya kijivu ya marehemu kaka yake, baba yake Zahoro, aliyekuwa karani wa posta. Ndiyo suti aliyooa nayo, na ndiyo aliyoivaa kazini mpaka alipougua. Mifukoni shangazi alikuwa ametia karafuu ili nondo wasiisogelee, na miaka yote hiyo hawakuisogelea.

Asubuhi ya kwanza alimsimamisha kijana mlangoni.

"Geuka," alisema. Zahoro akageuka. "Geuka tena."

Alipunguza kidogo kiunoni kwa sindano ya mkono, akamvalisha na viatu vyeusi vya baba yake, vilivyopigwa rangi mpaka vikaonyesha dari. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mabega hayo ni ya kaka yangu. Haya, nenda. Na usikalie kiti chenye vumbi."

*

Ukumbini, watumishi wapya walipangwa mstari ili Mheshimiwa awakague. Alipita akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayekagua mboga zilizolala. Alipofika kwa Zahoro, akasimama, akanusa.

"Hii harufu ya nini?"

"Karafuu, Mheshimiwa."

"Suti hii umeinunua duka gani?"

"Sikuinunua, Mheshimiwa. Ni ya marehemu baba yangu."

Waziri akageukia umati, akainua mikono miwili. Mpiga picha akasogea.

"Ndugu zangu wa haiba! Taifa letu liko mbioni. Linakimbilia wapi, hilo ni suala la wataalamu. Lakini haliwezi kukimbia huku limevaa marehemu! Huyu kijana ametuletea kaburi ofisini!"

Watu wakacheka. Mkasi ukatoka kiunoni. Waziri alikata mkono wa kulia wa koti kuanzia begani, taratibu, ulimi ukiwa nje kidogo kama wa mtoto anayechora. Kisha akakata na wa kushoto. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Halafu akaamuru viatu vivuliwe, na askari akavichukua kwa ncha za vidole, akavitupa mtaroni kupitia dirishani.

"Rudi ukiwa umevaa vazi halali," alisema Waziri. "Duka la Haiba liko mtaa wa pili. Ni la mke wangu, lakini hilo ni jambo la bahati tu."

Zahoro aliinama, akaiokota mikono ya koti la baba yake, akasema, "Ahsante, Mheshimiwa." Akatoka pekupeku. Hakulia. Walinzi wa getini wanasema alikuwa amekunja sura kama mtu anayejaribu kukumbuka njia.

Nyumbani, Bi Mwanaidi aliichukua ile mikono, akaipakata kama mtoto aliyeanguka. Sauti yake yote ilikuwa imemkimbia.

"Amekata kwa mkasi?"

"Kwa mkasi, shangazi."

"Na watu walikuwapo?"

"Walipiga makofi."

Akaikunja ile mikono, akairudisha sandukuni. "Basi kesho twende hilo duka," alisema. "Tukaone yeye anawavisha nini watu."

*

Duka la Haiba lilikuwa na kiyoyozi, zulia jekundu, na muziki wa kubembeleza watu wasiulize. Suti zilitundikwa ukutani zote zikitazama mbele. Mwenye duka, mke wa Waziri, aliyejiita Mama Haiba, aliwapokea yeye mwenyewe.

"Karibuni. Kwa vijana wa ofisini tuna rangi zote: nyeusi, bluu, na bluu inayokaribia nyeusi."

Zahoro akavalishwa ya bluu. Kwa mbele ilimkaa vizuri ajabu. Kola imelala, vifungo vinang'aa, leso imeshonewa mfukoni kabisa ili isipotee. Bi Mwanaidi alitabasamu, akamzunguka amtazame vizuri. Kisha akapiga yowe lililozima muziki.

"Subhanallahi! Mgongo uko wapi?"

"Mgongo upi, mama?"

"Mgongo wa koti! Mbona nauona uti wa mtoto wangu?"

Kweli, koti lilikuwa mbele tu. Nyuma lilifungwa kwa tepe shingoni na tepe kiunoni. Shati nalo vivyo hivyo. Suruali ilikuwa kama aproni yenye miguu miwili, nayo ikakazwa kwa tepe nyuma ya mapaja.

"Mama yangu," alisema Mama Haiba kwa upole, "mtumishi wa umma hutazamwa kwa mbele. Nyuma ni anasa, na serikali inabana matumizi."

Bi Mwanaidi akachukua kiatu. Kiling'aa kuliko cha kaka yake. Akakikunja kidogo, kikalia kama boksi la biskuti.

"Soli hii ni karatasi."

"Ni karatasi ngumu. Asikanyage maji tu."

"Na nguo hizi mnazitoa wapi?"

"Ng'ambo," alisema Mama Haiba kwa fahari. "Huko huvaliwa na watu watulivu sana. Hajarudi hata mmoja kulalamika."

Bi Mwanaidi alimtazama. "Watu hao watulivu, huwa wamesimama au wamelala?"

"Wamelala."

"Chali?"

"Chali, ndiyo. Na mikono kifuani."

"Zahoro," alisema shangazi, "vua. Hii ni sanda."

Lakini asiye na vazi halali hakuruhusiwa kuingia kazini, na duka halali lilikuwa hilo moja. Bi Mwanaidi alivua vipuli vyake vya dhahabu, alivyovishwa siku ya harusi yake, akaviweka juu ya meza ya duka bila kusema neno. Njiani ndipo sauti ilipomrudia. Alimlaani Waziri, akamlaani mkewe, akawalaani na waliotia sahihi digrii ya huyo Waziri. Zahoro alitembea kando yake, mfuko wa duka mkononi, ametulia mno.

"Husemi kitu?"

"Nitaivaa, shangazi. Nitacheka nao, nitapiga makofi nao. Na siku moja nitamvisha yeye."

*

Basi wizara nzima ikavaa suti za duka hilo, zikaitwa vazi la taifa, na mambo yakabadilika, kama serikali ilivyoahidi. Meza zote zilisukumwa ukutani. Watumishi walitembea kikaa, ubavu ubavu, migongo ikigusa rangi ya ukuta, na wawili wakikutana kwenye korido ilibidi mmoja arudi alikotoka. Feni zilizimwa kwa amri, kwa kuwa upepo ulikuwa na tabia ya uchochezi. Mvua iliponyesha ofisi zilifungwa, maana soli ziliyeyuka zikawa uji. Mzee Chande, mhasibu mwenye mvi, aliokota kalamu iliyoanguka, na mwananchi aliyekuwa dirishani akauona mgongo wake. Mzee alifukuzwa kazi kwa kosa la kufichua siri za serikali. Alitoka akitembea kikaa mpaka getini, kwa uaminifu.

Mtu mmoja tu alitembea kifuambele katikati ya korido. Suti za Mheshimiwa zilikuwa za sufu, zimeshonwa ng'ambo na mafundi wa watu walio hai. Zilikuwa na mgongo, tena na bitana ya hariri.

Zahoro alianza kumvisha siku ile ile aliyorudi kazini, ila kwa kilemba cha ukoka. Waziri akikohoa, Zahoro alisifu kikohozi. Waziri akisema jambo la kipuuzi, Zahoro alimwomba alirudie polepole ili vizazi vilisikie. Lakini siri yake kubwa ilikuwa nyingine. Alikwishagundua kwamba Mheshimiwa hakuwa na wazo hata moja kichwani, na hivyo alikuwa radhi kumiliki la yeyote. Zahoro akitaka jambo, alisema, "Kama ulivyotufundisha juzi, Mheshimiwa," na Waziri, ambaye juzi alikuwa amelala, aliitikia kwa kichwa: "Ndiyo. Hilo ni wazo langu."

Haukupita muda, kijana akateuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Kabati la Waziri. Kazi yake ilikuwa kumchagulia Mheshimiwa suti na viatu kila asubuhi. Kabati lenyewe lilikuwa chumba kikubwa kuliko nyumba ya Bi Mwanaidi. Zahoro alipita kati ya zile suti, akizipapasa migongo. Alipangusa viatu vya ngozi, akampigia magoti Waziri amfunge kamba, na kila alipofunga fundo aliusikia ule mkasi ukila begani kwake. Waziri hakumkumbuka kabisa. Alikuwa amekata nguo za watu wengi mno.

*

Ikatangazwa kwamba Mtukufu Rais wa Kudumu atamtunuku Mheshimiwa Mwakitambi Nishani ya Haiba, Daraja la Kwanza, mbele ya umma. Waziri hakulala kwa furaha. Asubuhi, sherehe ikiwa imebaki siku chache, alimkuta Zahoro katikati ya kabati, mikono mitupu.

"Suti yangu ya sherehe iko wapi?"

"Mheshimiwa, nimeshindwa kuchagua, maana juzi ulisema neno zito. Ulisema kiongozi wa kweli siku ya nishani yake atavaa vazi la taifa, ili wanaonong'ona kwamba wewe unavaa mgongo wafe kwa aibu."

Waziri akasita. "Nilisema hivyo?"

"Kwa machozi, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Hilo ni wazo langu." Akafikiri kidogo, jambo lililomtoa jasho. "Lakini huko nyuma…"

"Nyuma yako kuna nani, Mheshimiwa? Kuna mtu katika nchi hii anayethubutu kukaa nyuma yako?"

"Hakuna."

"Basi. Kiongozi hana nyuma. Ana mbele na ana juu."

Waziri alicheka mpaka kitambi kikatikisika, akaamuru msemo huo uandikwe kwenye lango la wizara chini ya jina lake.

"Na ulisema pia jukwaa liwe la duara," aliendelea Zahoro, akiinama, "katikati ya uwanja, ili wananchi wa pande zote wakuone."

"Pande zote!" alisema Waziri, macho yakimlegea. "Naam. Mimi ni wa pande zote."

Jioni hiyo Zahoro alikwenda kwa shangazi yake akiwa amebeba kitenge cha kampeni, kile kilichogawiwa kila nyumba wakati wa uchaguzi, chenye picha ya Mtukufu Rais akitabasamu ndani ya duara la mahindi.

"Nishonee chupi, shangazi. Ya mtu mnene. Picha ikae nyuma, katikati."

Bi Mwanaidi aliweka chini foronya aliyokuwa akiishona. "Baba, kwa jambo hili watu hunyongwa."

"Najua."

"Ananyongwa nani? Aliyeshona au aliyevaa?"

"Atakayesema ni wazo lake."

Shangazi alimtazama usoni, akakitazama kitenge, akatazama sanduku pale ukutani. Kisha akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akatunga sindano.

Waziri alipoonyeshwa ile nguo ya ndani siku ya sherehe, aliipokea kwa mikono miwili. Zahoro alimweleza kuwa ni vazi la uzalendo wa siri, la kumweka Mtukufu karibu na mwili. Waziri aliguswa. Kabla ya kutoka alizungumza na redio ya taifa, na mtangazaji, ambaye Zahoro alimwandalia swali, aliuliza ni nani hasa aliyemchagulia mavazi ya siku kuu kama hii.

"Mimi mwenyewe!" alisema Mheshimiwa, na nchi nzima ikasikia. "Kuanzia koti hadi nguo ya ndani. Katika mambo ya haiba, mimi sisaidiwi na mtu."

*

Uwanja ulifurika. Wanafunzi waliletwa, wagonjwa wa hospitali waliletwa, hata wafungwa waliletwa wakalipambe taifa. Mheshimiwa Mwakitambi alishuka garini akiwa amezungukwa na walinzi, kwa hiyo mwanzoni watu waliona suti ya bluu na viatu vinavyometa tu, wakashangilia. Alipanda jukwaa la duara. Walinzi wakabaki chini.

Upande uliokuwa mbele yake uliendelea kushangilia. Upande wa nyuma ukanyamaza.

Waziri alisikia kimya hicho, akadhani ni heshima, akageuka awapungie mkono. Sasa upande huu ukashangilia, na ule wa kwanza ukanyamaza. Akageuka tena. Furaha na kimya vikawa vinamzunguka kama tiara, naye akizunguka navyo, akipunga, akitabasamu. Ndipo upepo ukaja. Tepe ya kiunoni ikafunguka, koti likapeperuka mbele kama bendera, suruali ikamwachia mapaja. Na pale alipokuwa amefikia katika kuzunguka kwake, alikuwa ameupa mgongo mhimili mkuu wa taifa. Mtukufu Rais wa Kudumu, akiwa kitini, alijiona mwenyewe akitabasamu ndani ya duara la mahindi, juu ya makalio ya waziri wake.

Hakuna aliyecheka. Katika nchi ile hapacheki mtu mpaka aruhusiwe.

Mtukufu alisimama. "Nani alimvalisha hivi?"

Jeshi zima la wasaidizi likajibu kwa pamoja, kwa kuwa wote walikuwa wamesikiliza redio: "Mwenyewe, Mtukufu! Kuanzia koti hadi nguo ya ndani!"

Mwakitambi alipiga magoti. Alitaka kusema kitu, mdomo ukafunguka, lakini kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu kando yake wa kumtilia maneno. Alimtafuta Zahoro kwa macho. Kijana alikuwa amesimama chini ya jukwaa, akimtazama. Akapanda ngazi, akainama sikioni mwa Waziri kana kwamba anamfunika.

"Suti ya kijivu," alimnong'oneza. "Ilikuwa na harufu ya karafuu. Ulikata mikono yote miwili."

Waziri alimkodolea macho. Na hilo ndilo lililomuuma Zahoro kuliko yote. Yule mtu alijitahidi kukumbuka, na hakukumbuka.

Mtukufu, ambaye ni mwingi wa rehema, alikataa kumnyonga. Alimtaka msimamizi wa kabati atoe ushauri wa kitaalamu. Zahoro akashauri. Ghala la Mama Haiba lilikuwa bado limejaa, na mwenyewe alikwishakimbilia ng'ambo akiwa amevaa gauni lenye pande zote. Ingekuwa hasara kwa taifa kuitupa shehena. Basi Mwakitambi na aivae yeye, suti moja moja, mpaka ghala liishe. Atembee nazo mjini kila siku tangu asubuhi mpaka jua lizame, katikati ya barabara. Asikae. Asiegemee ukuta. Mtukufu alifurahi sana, akasema hilo lilikuwa wazo lake.

*

Zahoro alipewa ofisi kubwa na gari, na sheria ya mavazi ikafutwa, ikatungwa nyingine ya kofia. Mzee Chande alirudishwa kazini, ingawa mpaka leo hupita mlangoni kwa ubavu.

Kila alasiri Mwakitambi alipita barabara kuu, na watu wakatoka madukani wakamfuata. Waliokuwa mbele waliharakisha kumpisha, wakajiunga nyuma. Walikuwa wale wale wa ukumbini, na mikono yao ilijua kupiga makofi. Viatu vilimyeyukia miguuni, akaenda pekupeku juu ya lami ya moto, mikono akiwa ameikunja nyuma kujisitiri.

Zahoro alimfuata siku ya kwanza. Akamfuata ya pili, akiwa ameliacha gari. Bi Mwanaidi alikwenda naye mara moja, akiwa amejifunga khanga mpya, tayari kupiga vigelegele alivyoviweka tangu zamani. Alipomwona yule mtu amejikwaa, akainuka, akajipangusa magoti yenye damu, vigelegele havikutoka. Alitembea kidogo, akamshika mpwa wake mkono.

"Mwanangu, inatosha. Huyu kesha kuwa maiti anayetembea. Twende nyumbani, nimepika samaki wa nazi."

Zahoro hakuondoa macho kwenye ule mgongo.

"Tangulia, shangazi," alisema. "Mimi bado."

Na akaongeza mwendo, asiachwe nyuma na wenzake.